Mkono wa Kulia wa Malaika wa Tatu

Kama hujawahi kumsikia mtu akimfokea malaika, basi hukumjua Makopo. Kila Ijumaa alasiri alifunga duka lake la ushonaji, akaning'iniza mlangoni kile kibao cha "Narudi Sasa Hivi" ambacho wateja wote walijua ni uongo mtupu, akavuka barabara. Ubao wa kuchorea kwapani, kisanduku cha rangi mfukoni, na makopo mawili ya maziwa ya unga yaliyojaa maji, moja kila mkono. Aliingia kanisani kwa mlango wa pembeni, akapiga goti, akaketi benchi la nne upande wa dirisha, kisha akaanza ugomvi.

"Wewe, tulia! Wiki iliyopita kivuli chako kilikuwa hapa, leo umekipeleka wapi?"

Mfagizi wa kanisa, mzee mpole aliyefanya kazi pale miaka thelathini, alikuwa akiendelea na ufagio wake bila hata kugeuka. Mgeni akishtuka, yeye humwambia, "Usiogope, huyo anaongea na ukuta. Wanaelewana."

Makopo mawili ndiyo yaliyompa jina. Moja lilikuwa la kuoshea brashi, na la pili la maji safi ya kulainishia rangi, na ole wako uyachanganye. "Ukichovya kwenye maji machafu," alikuwa akisema, "malaika wote wanapata homa ya manjano." Alikuwa na sheria zake, na hakuzificha. Karatasi ilowanishwe kwanza, ibandikwe kingo zake ubaoni, ikauke ikiwa imekazwa, la sivyo itajikunja mbele ya watu. Nyota na miali ya mishumaa havipakwi rangi nyeupe. Unapaka pembeni, unaiacha karatasi yenyewe ing'ae. Na kivuli hakichorwi kwa rangi nyeusi hata siku moja. "Nyeusi ni ya viatu," basi, mjadala umefungwa.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwili wa haja, miwani puani, na hakuwa na ugonjwa huu wa watu wengi wa kujifanya hawajui wanachokijua. Ukimsifia mchoro alikujibu, "Naujua ni mzuri, nimeuchora mwenyewe." Watu wengine walimwona ana majivuno. Waache waseme. Mtu aliyekaa benchi moja miaka arobaini na mitatu akitazama ukuta mmoja ana haki ya kujua anachokifanya.

Ukuta wenyewe ulikuwa kazi ya baba yake. Baba alikuwa fundi rangi wa nyumba za watu, milango na madirisha, mpaka siku padri wa zamani alipomwita aje apake kanisa jipya rangi nyeupe. Fundi akazunguka mle ndani, akakuna kichwa, akasema, "Baba, kuta kubwa hivi kuziacha nyeupe, mimi naona ni dhambi." Padri akacheka, akamuuliza dawa ya dhambi hiyo ni nini. Dawa ilichukua mwaka na miezi miwili. Dari likawa la buluu lenye nyota. Nguzo za saruji zikapakwa zikafanana na mawe ya thamani, mpaka leo watu huzigusa kuona kama ni za baridi. Mizabibu ikatambaa kuta zote mbili, na juu ya tao kubwa la altare wakasimama malaika saba, mikono yao imeinuliwa, viganja vinatazama watu. Mwaka huohuo ndio aliozaliwa Makopo, kwa hiyo hakuwahi kuweza kumdanganya mtu umri wake. Kanisa lilikuwa limeandikwa tarehe mlangoni.

Baba alifariki kwa kifua binti akiwa na miaka kumi na minne. Michoro midogo ya rangi za maji aliyokuwa akimtengenezea padri kabla ya kugusa ukuta ililiwa na mchwa kabatini, yote, hata kona haikubaki. Kilichosalia ni kile kisanduku cha rangi kumi na mbili, pamoja na maneno aliyozoea kumwambia binti yake akimkuta anachora vikaragosi kwenye madaftari: "Chora unachokiona, mwanangu. Usichore unachokijua." Makopo aliyashika maneno hayo kama sala. Akiulizwa siri ya kazi yake, alijibu bila kupepesa: "Mimi nachora ninachokiona."

Sasa hapo ndipo penye mambo.

Malaika wa tatu, ukihesabu kutoka kushoto, alikuwa na kasoro. Mkono wake wa kulia haukuwa wa kulia. Inua mikono yako yote miwili mbele ya kioo, viganja vikitazama kioo, utaona madole gumba yanaelekea kichwani. Ya malaika wale sita yalifanya hivyo. Ya huyu wa tatu, moja lilielekea kichwani na la pili lilitazama nje, huko mbali, kama linaomba lifti. Alikuwa na mikono miwili ya kushoto! Watoto walimwita Mashoto. Kwenye mafundisho ya Jumamosi waliulizana atafanyaje ishara ya msalaba bila mkono wa kulia, wakafa kwa kicheko. Makopo alipigana na wawili kwa sababu hiyo, mmoja wao akang'oka jino, ingawa lilikuwa limeshalegea.

Basi alipokaa kuchora tao lile kwa mara ya kwanza, ana miaka kumi na mitano, baba hana hata mwaka kaburini, alifika kwenye mkono ule akasita. Kisha akauchora wa kulia. Vidole vimenyooka, dole gumba mahali pake. Akaangalia mchoro, roho ikamtulia. Hakuona kwamba amedanganya. Alipokuja kuwa fundi wa nguo alijipa na sababu: mteja akiwa na bega moja limeshuka, unamwekea pamba kidogo, humtangazii sokoni. Tangu hapo alilichora tao mara saba, na mara zote saba malaika wa tatu alipona mkono. Mara ya mwisho hata hakusita. Mkono ulijichora.

Halafu ikaja mvua ile. Ilinyesha siku nne, bati la juu ya altare likaachia, na asubuhi ya siku ya tano mfagizi alifungua mlango akakuta malaika wanne wako sakafuni, vipande vya plasta vimelowa, vimesagika kama ugali uliomwagika. Wa tatu alikuwa mmoja wao.

Kamati ya ujenzi ikakaa. Mwenyekiti wake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu aliyehamia pale baada ya kustaafu, mtu wa haki, lakini mkavu kama chaki. Yeye alitaka ukuta wote upakwe rangi ya krimu, yaishe. "Tutawarudishaje malaika ambao hatuna hata picha yao?" aliuliza, na kusema kweli swali lilikuwa na mashiko. Siku hizo simu ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Watu walileta picha za harusi zao, lakini mpiga picha gani anajali malaika siku ya harusi? Zote zilionyesha bwana, bibi, keki, na juu kabisa miguu ya malaika bila wenyewe.

Makopo akaomba radhi, akavuka barabara, akarudi na sanduku la bati alilolihifadhi chini ya kitanda. Akaipanga michoro yake juu ya mabenchi, mmoja mmoja, arobaini na mmoja. Dari na nyota zake. Nguzo asubuhi, nguzo jioni. Mzabibu wa ukuta wa kusini, jani kwa jani. Tao, mara saba, na malaika wote saba. Padri kijana, aliyekuwa ameletwa pale mwaka ule, alitembea kati ya mabenchi akiwa ameshika mdomo. Mwenyekiti akavaa miwani, akaisoma michoro kama anasahihisha mtihani.

"Mama, hii uliichora ukiwa hapahapa? Si kwa kukumbuka?"

"Benchi la nne, Mwalimu. Mimi nachora ninachokiona."

"Basi nimeshindwa," akasema Mwenyekiti. "Malaika watarudi."

Siku ile Makopo alitembea kifua mbele kama aliyeshinda uchaguzi. Akafika nyumbani akamwambia mama yake, bibi wa miaka themanini na kidogo aliyeishi naye chumba kwa chumba, "Mama, kazi ya baba inarudi ukutani!" Mama akapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia.

Fundi aliyepewa kazi alikuwa hodari. Alijenga jukwaa la mbao, akachora miraba juu ya nakala ya mchoro na miraba mikubwa ukutani, akawahamisha malaika mraba kwa mraba kwa kipande cha mkaa. Wiki ya pili, Ijumaa, Makopo alikuta amemaliza kuchora mistari ya wa tatu. Mwenyekiti na padri walikuwa wamekuja kukagua. Mfagizi naye akaegemea ufagio, akainua macho, akacheka.

"Heee! Mashoto kapona mkono!"

"Kapona nini?" akauliza Mwenyekiti.

"Si alikuwa na mikono miwili ya kushoto, huyo? Wote tulikuwa tunamcheka."

Mwenyekiti akachukua mchoro, akautazama, akamwonyesha. "Ona. Wa kushoto huu, wa kulia huu. Huu mchoro umechorwa papa hapa na mtu anayechora anachokiona. Binadamu anasahau, mzee wangu, karatasi haisahau. Ninyi ndio mliokuwa mnakosea."

Mfagizi akauvuta ufagio karibu. Miaka thelathini amefagia chini ya malaika yule. Akatazama sakafu. "Labda," akasema. "Labda macho yamezeeka."

Ile "labda" ilimchoma Makopo. Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Ukuta ungepakwa, baba yake angekuwa hana kasoro milele, na Mashoto angesahaulika pamoja na watoto waliomcheka. Lakini mzee yule alikuwa amesema kweli na sasa alikuwa anaomba msamaha kwa kusema kweli. Na huyo malaika wa mkaa pale juu, na vidole vyake vilivyonyooka, hakuwa wa baba. Alikuwa wake yeye, wa pamba ya begani.

"Macho yako hayana tatizo, mzee," akasema kwa sauti ya mtu anayekata kitambaa. "Mikono ilikuwa ya kushoto yote miwili. Mimi niliurekebisha."

Fundi aliteremka ngazi polepole.

"Mara moja?" Mwenyekiti aliuliza.

"Mara zote saba."

"Na nini kingine ulirekebisha?"

"Hakuna kingine."

"Nitajuaje?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Samaki mmoja akioza, mama, wote wameoza. Nilikubali kwa sababu ya neno lako. Sasa sijui nyota ni zile au ni zako. Fundi, weka vifaa chini. Jumapili baada ya misa kamati itakaa, na kama hakuna mtu anayeweza kuja kusema kwa hakika huyu malaika alikuwaje, anayejua, si anayekisia, tunapaka krimu."

"Mzee huyu anajua."

"Mzee huyu amesema labda."

Makopo akarudi nyumbani na makopo yake yamejaa. Hakuwa amechora hata mstari. Mama alikuwa kibarazani anachambua maharage. Akamweleza yote, bila kupunguza. Mama akaacha kuchambua.

"Uliurekebisha mkono wa malaika wa tatu?"

"Watu walikuwa wanamcheka baba, mama."

"Mara saba?"

"Mara saba."

Mama akaweka ungo pembeni, akajizoa, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Chakula hakukigusa. Makopo alikaa peke yake na sahani mbili. Alijua amefanya vibaya zamani na vizuri leo, na hakujutia la leo. Lakini kumuudhi mama, hilo lilimtoa machozi, na akalia kidogo, kisha akaosha vyombo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumapili asubuhi mama alitoka chumbani amevaa gauni lake la heshima. "Twende," akasema. "Mwalimu anataka shahidi."

Misa ilipokwisha, kamati ikabaki mabenchi ya mbele. Mama hakukaa. Akaomba aletewe mchoro wa tao, akausogeza karibu na macho, akamtafuta wa tatu.

"Mwalimu, niambie. Huyu malaika, mkono wake wa kushoto, kidole cha mwisho kikoje?"

Mwenyekiti akainama. Akavaa miwani. "Kimepinda," akasema. "Kwa ndani."

"Wenzake je?"

"Vyao vimenyooka."

Mama akainua mkono wake wa kushoto, kiganja kikiwatazama wote. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwa ndani, kama kilivyokuwa tangu utotoni, tangu siku mlango ulipokibana na kikaunga vibaya. Makopo akaukodolea macho. Mkono ule ulimwogesha, ulimsuka, ulimpiga, na juzi asubuhi ulimpa chai. Kile kidole alikuwa amekichora mara saba kwa uaminifu mkubwa, na hakuwahi kujiuliza ni cha nani. Eti yeye ndiye anayechora anachokiona! Nyani haoni kundule.

"Ni mimi," mama akasema. "Nilikaa pale anapokaa padri, wiki nzima, mchana, milango imefungwa. Padri wa zamani hakutaka sura ya mtu aliye hai ukutani, kwa hiyo mume wangu aliniapisha ninyamaze, akabadilisha uso. Lakini mikono hakuweza kubadilisha. Yule mtu alikuwa hawezi kuchora kitu asichokiona mbele yake. Wale wengine sita aliwakalisha vibarua wake. Mimi niliinua wa kushoto, akauchora. Akasema, haya, inua na mwingine. Nikamwambia mwingine hauinuki. Akafikiri, kisha akauchora wa kushoto mara ya pili. Na wenyewe ulikuwa na kidole hikihiki, muulizeni mfagizi."

"Kweli kabisa!" mfagizi akaruka. "Vilikuwa viwili, vimepinda vyote! Nilikuwa nasema mwenyewe moyoni, huyu maskini aliumia wapi!"

Mwenyekiti akavua miwani. "Lakini bibi, samahani. Kwa nini wa kulia haukuinuka? Ulikuwa unaumwa?"

Mama hakumtazama yeye. Alimtazama binti yake.

"Ulikuwa umekubeba wewe," akasema. "Una miezi mitatu, na nikikuweka chini unalia kanisa zima. Nilimwambia baba yako, si utaurekebisha siku mtoto akikua? Akasema hapana. Akasema hivyo ndivyo alivyoona."

Makopo alivua miwani. Akajifunika uso kwa mikono yote miwili, akalia pale benchi la mbele kama mtoto, bila aibu, na mama akaenda akakaa karibu yake. Padri kijana alikuwa anatazama dari kwa bidii. Mwenyekiti akakohoa, akasimama, akarudisha mchoro mezani kwa mikono miwili.

"Nilitaka shahidi, nimepata," akasema. "Kasoro ni moja na imejulikana. Fundi aendelee Jumatatu. Na huo mkono upakwe kama ulivyokuwa." Kisha akamgeukia mfagizi, na hili wengi hawakulitegemea kwa mtu yule: "Mzee wangu, nisamehe. Macho yako ni mazima."

Jumatatu fundi alitaka kumfuta malaika wa tatu mkono, Makopo akamwambia asithubutu. Akapanda jukwaa mwenyewe, na umri wake ule na mwili wake ule, mbao zikalalamika, fundi akashika ngazi huku midomo ikimchezacheza kwa sala. Alichukua kitambaa kibichi akaufuta ule mkono wa mkaa, vidole vyote vilivyonyooka. Chini, pale anapokaa padri, mama alikuwa amekaa kwenye kiti, mkono wa kushoto ameuinua.

"Juu kidogo, mama! Hapo hapo! Na huo wa kulia ulaze mapajani, usichoke."

"Nitaulaza wapi kwingine?" mama akamjibu kutoka chini, na sauti yake ikazunguka kanisa zima. "Leo usinitegemee. Umeshakuwa mzito."

Makopo alicheka mpaka jukwaa likatikisika. Alipotulia akachovya brashi kwenye kopo la maji safi, akamtazama mama yake, akaanza na kidole kilichopinda.